Yeye Mwenyewe Alitaka Nini?

Kama ulifanya mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya, kuna swali ulilijibu hata kama mengine yote umeyasahau. Linakuja kwenye Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi. Vitabu hubadilika, majina ya wahusika hubadilika, swali lenyewe halizeeki: eleza sifa za fulani, kisha eleza umuhimu wake. Kila hoja na mfano wake kutoka kitabuni. Ukisema fulani ni mwenye bidii bila kutaja alipofanya bidii, umekula hasara. Ukisema umuhimu wake ni kuendeleza ploti na ukaonyesha vipi, mtahini anatia tiki na kufungua ukurasa.

La sifa sina ugomvi nalo sana. Ugomvi wangu ni na hilo la umuhimu. Umuhimu kwa nani? Lisome polepole uone linachosema: huyu mtu yuko hapa kwa ajili ya kitu kingine, kitaje kitu hicho. Jibu sahihi halimhusu yeye hata kidogo. Linahusu ploti, maudhui, au mhusika mkuu ambaye huyu mdogo amewekwa ubavuni mwake ili tumwone mkuu vizuri zaidi. Hakuna mtahini atakayekupa alama ukiandika kwamba umuhimu wa fulani ni kuwa alikuwa hai na alipenda viazi vya kuchoma.

Nalijua swali hili kwa sababu ndilo linalonilisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo naandika chochote ambacho mtu yuko tayari kulipia: hotuba za harusi, maelezo ya bidhaa, wasifu wa marehemu, na zaidi ya yote miongozo ya vitabu teule. Mteja ananitumia kitabu, mimi namtumia mwongozo, yeye anauza PDF kwa walimu na wanafunzi. Napata shilingi mia tatu kwa kila mhusika mkuu na mia moja kwa kila mhusika mdogo. Nilipomuuliza kwa nini bei zinatofautiana hivyo, alinijibu kwa WhatsApp, kwa sauti, nyuma yake makanga akipiga kelele: "Sasa boss, hao wadogo si ni mistari mitatu tu? Sifa mbili, umuhimu moja, imeisha hiyo."

Kibiashara hana kosa. Lakini ukishaandika wahusika wadogo wengi kwa bei hiyo, unaanza kuwaza mambo ambayo hayamo kwenye bei. Hasa hili: je, kuna kitu tunachodaiwa na mtu ambaye yumo kwenye hadithi kwa ajili ya hadithi ya mwingine?

Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kama njia tu ya kufikia jambo jingine. Siku zote awe pia lengo lenyewe. Alikuwa akizungumzia watu wenye mwili na damu. Sheria hiyo ukiipeleka kwenye utunzi utafunga viwanda vyote vya uchapishaji, kwa sababu mhusika ni chombo tangu siku anapozaliwa. Na utaniambia, sawasawa kabisa, kwamba mhusika wa kubuni hahisi njaa wala aibu. Yule Matuko Weye wa *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora ambayo sisi tuliofanya mtihani kabla ya *Chozi la Heri* tuliisoma mpaka kurasa zikatoka, haumwi nikimwandikia mistari mitatu. Mzee aliyepigana vita vya dunia, sasa wanamwita mwendawazimu, anasimama kwenye sherehe na kusema yale ambayo wenye akili timamu wameyameza. Umuhimu wake: kufichua maovu ya uongozi. Shilingi mia moja. Haumwi.

Basi kama kuna dhuluma, haiko kwake. Iko kwetu, kwenye macho tunayoyanoa kwa kumsoma hivyo.

Hili halikuanzia kwa baraza letu la mitihani, tusilitwike kila mzigo. Aristotle, miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu iliyopita, aliorodhesha viungo sita vya tanzia: ploti, wahusika, fikra, lugha, wimbo na yale yanayoonekana jukwaani. Ploti akaiweka juu, akasema ndiyo roho ya tanzia. Wahusika ni wa pili. Alifika hadi kusema kwamba tanzia inaweza kuwepo bila kuchora tabia za watu, lakini bila tendo haiwezi. Kwa hiyo tangu mwanzo wa uhakiki tunaoufuata shuleni, mtu ameajiriwa na tukio. Anaingia kazini, anafanya linalotakiwa, anatoka.

Halafu mwaka 1927 akaja E. M. Forster na mihadhara yake ya Cambridge, akagawa wahusika mafungu mawili ambayo walimu wetu wameyatia Kiswahili kwa majina mazuri kweli: bapa na duara. Bapa ni yule unayeweza kumwandika kwa sentensi moja. Ni kama chapati: ukiigeuza, upande wa pili ni ule ule, labda umeungua kidogo. Duara ni yule anayeweza kukushangaza na bado ukamwamini. Watu wengi husahau kwamba Forster hakuwadharau mabapa. Alisema wana faida zao, hutambulika haraka na hukumbukwa kwa urahisi, na kwamba karibu watu wote wa Dickens ni bapa na bado wanatetemeka kwa uhai. Sisi tuliochukua istilahi tuliacha mapenzi yake kule Cambridge.

Na waandishi wetu wa Kiswahili wana njia yao ya mkato zaidi, majazi. Mtu anaingia hadithini jina lake likiwa limeshamhukumu. Kwenye *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ukishasikia kwamba waziri anayemshtaki Karama anaitwa Majivuno, kesi imekwisha kabla haijaanza. Walibora naye akatupa Majisifu na Nasaba Bora. Napenda majazi, yana utamu wa hadithi za bibi, na mwandishi mjanja huyageuza kejeli: nasaba ya Nasaba Bora haina ubora wowote. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba ni hukumu. Mtu akiitwa Majivuno hakuna anayeuliza alianzaje.

Sasa haya si mambo ya vitabuni peke yake. Katika hadithi ya ukoo wetu mimi ni mhusika bapa. Tukikutana Disemba, kukishaliwa na watoto wakishakaa, shangazi yangu husafisha koo. "Mnamwona huyu? Akili alikuwa nazo kuwashinda nyote. Muulizeni digrii iko wapi." Watoto wananiangalia. Sifa: mwenye akili, asiyemaliza mambo. Umuhimu: kuwaonya walio kidato cha tatu. Nimeshazoea, nakunywa soda yangu. Sijawahi kumsikia akisema neno karo katika simulizi hiyo, maana karo ingeharibu funzo. Onyo lina nguvu pale tu mwonywaji anapoamini kwamba yule mtu alijitakia.

Ni shangazi huyo huyo aliyelipa muhula wangu wa kwanza wote, kwa pesa za mitumba. Mtu aliyelipa ana haki yake ya kuuma meno. Na hapa nimempa aya mbili fupi, wakati ana miaka hamsini na minane, na ana ugomvi na bawabu wa soko ambao peke yake ungetosha riwaya.

Vijana wa rika langu tuna neno letu la haya mambo. Mtu asiye na habari, anayefuata tu, tunamwita NPC, herufi zilizotoka kwenye michezo ya kompyuta, kwa yule mhusika asiyechezwa na mtu yeyote, anayeendeshwa na programu, anayerudia sentensi moja kila ukimpita. Mimi ndiye ninayecheza. Wewe ni sehemu ya mtaa. Inachekesha, na nimeisikia ikisemwa juu ya wafagiaji, juu ya walinzi wa geti, juu ya mama mboga ambaye kila asubuhi husema "leo ni ngapi?" kana kwamba hana neno jingine maishani.

Kutoka mhusika bapa ni hatua moja tu hadi mandhari. Hicho nacho ni kiungo cha fasihi, kile ambacho wanafunzi hukipita haraka: mahali na wakati. Kinaonekana hakina siasa. Lakini mwaka 1975, kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, Chinua Achebe alitoa mhadhara kuhusu *Heart of Darkness* ya Joseph Conrad, na moja ya mashtaka yake makubwa lilihusu mandhari hasa. Afrika imefanywa pazia la nyuma, alisema, mahali ambapo Mzungu mmoja anapotewa na akili, na watu wa mahali hapo wameondolewa katika ubinadamu ili mahali pabaki kuwa mahali. Yaani swali la maadili halikuwa tu kwamba Waafrika wa kitabuni ni wabaya au wazuri. Lilikuwa kwamba wamehamishwa kutoka safu ya wahusika wakapelekwa safu ya miti na mto.

Nasi tuna mfano wetu hapa nyumbani, kule chini ya Ngong. Karen Blixen, kwenye *Out of Africa* ya mwaka 1937, ana kijana aitwaye Kamante, aliyekuja kwake na vidonda miguuni na baadaye akawa mpishi wake. Blixen anampenda, hilo sina shaka. Anamwandika vizuri kuliko waandishi wengi walowezi walivyowaandika watu wao wa jikoni. Hata hivyo Kamante ni sehemu ya shamba, kama kahawa na kama milima. Sasa mwaka ule ule wa 1975, Achebe akiwa Amherst, kilitoka kitabu cha hadithi za Kamante Gatura mwenyewe, kilichoandaliwa na mpiga picha Peter Beard, chenye hata michoro aliyoichora Kamante. Mzee wa makamo, mhusika mdogo wa kitabu maarufu, anasimulia upande wake. Sisemi kitabu hicho kinarekebisha kingine. Mzungu bado ndiye aliyeshika kamera. Lakini wazo tu kwamba mhusika mdogo anaweza kuwa bado yuko hai, amezeeka, ana kumbukumbu ambazo hazifanani na zako, linapaswa kumtia mwandishi baridi ya mgongo.

Mhusika mdogo kuliko wote ni umati. "Umati ulipiga kelele." Sentensi moja, watu mia tano. Mwezi Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tulisoma habari za umati asubuhi na jioni, na baadaye za idadi ya waliouawa. Kitu walichofanya vijana mitandaoni hakikuwa fasihi, ila kilinifundisha fasihi zaidi ya muhadhara wowote niliowahi kuhudhuria: walikusanya majina. Jina, umri, picha ya mtu akicheka kwenye sherehe fulani ya nyuma, kazi aliyokuwa akifanya. Hakuna kati ya hayo lililokuwa na umuhimu wa kuendeleza hoja ya Mswada. Ndiyo maana yalikuwa mazito.

Katika ushairi jambo hili limejificha zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuna wahusika wa kuhesabu. Kuna anayesema na anayeambiwa. Mitihani inawaita nafsineni na nafsinenewa, na swali lake ni la alama moja au mbili: nafsinenewa ni nani? Unajibu "ni binti", unasonga mbele. Chukua utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa huku pwani yetu ya kaskazini mnamo mwaka 1858. Mama mgonjwa anamuusia binti yake jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Wasomaji wamebishana miaka na miaka juu ya mama: alikuwa mtiifu kweli kwa desturi, au alikuwa anamfundisha binti ujanja wa kupita katikati ya desturi? Ni ubishi mzuri. Mimi huwa namtafuta binti. Mwanzoni kabisa anaitwa asogee karibu, na aje na wino na karatasi. Kwa hiyo kalamu iko mkononi mwake yeye! Anaandika beti baada ya beti za namna anavyopaswa kuwa, na hatumsikii hata akikohoa.

Sisemi mama angemwachia nafasi. Mama anayekufa ana haki ya kusema peke yake. Nasema tu kwamba nikiandika mwongozo, "nafsinenewa ni binti" si jibu, ni mlango.

Na utamaduni wenyewe wa mashairi ya Kiswahili uliujua mlango huo kuliko sisi wa shule. Kuna jadi nzima ya kujibizana. Muyaka wa Mombasa alirushiana mashairi na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili, na hadi kwenye kurasa za mashairi za *Taifa Leo* mtu akikutaja vibaya unamjibu, mara nyingi kwa bahari ile ile na vina vile vile, unaingia nyumbani mwake na kukaa kwenye kiti chake. Leo wewe ni nafsinenewa, wiki ijayo wewe ndiye nafsineni. Sijui utaratibu wa kimaadili ulio safi kuliko huo. Riwaya haina kitu kama hicho. Ukishachapwa kwenye riwaya ya mtu, umechapwa.

Tamthilia ni hadithi nyingine, kwa sababu moja rahisi: ina miili. Kwenye ukurasa, mlinzi ni neno moja. Jukwaani lazima mtu asimame pale. Tazama orodha ya wahusika mwanzoni mwa tamthilia nyingi: wakubwa wana majina, halafu huku chini wanaanza kupewa nambari, askari wa kwanza, askari wa pili. Kwenye *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege hata madiwani wametambulishwa kwa nambari, na hapo naona ni kejeli nzuri, kwamba watu wenye cheo kikubwa wanaweza kuwa hawana nafsi ya kuita kwa jina. Lakini mara nyingi nambari ni uchumi tu.

Nilikuwa Mlinzi wa Pili kwenye mchezo wa shule, mwaka ambao tulifika ngazi ya kaunti kwenye tamasha la drama. Nilisimama na mkuki wa mbao zaidi ya nusu saa, sentensi yangu ikiwa moja. Mwenzangu, Mlinzi wa Kwanza, hakuwa na sentensi hata moja, na jambo hilo lilimuuma. Basi akamtungia mlinzi wake maisha. Alinieleza yote nyuma ya jukwaa tukivaa maleba: mlinzi wake ana mbuzi mgonjwa nyumbani, mbuzi wa pekee, ameombwa asitoke kazini lakini moyo wake uko kule. Kwa hiyo mfalme akiwa anahutubia, Mlinzi wa Kwanza alikuwa anatupia jicho mlangoni. Kidogo tu. Mwalimu wetu akamkemea siku ya mazoezi: "Wewe unaangalia nini huko? Mlinzi hana kitu cha kuangalia!" Akaacha mazoezini. Siku ya tamasha akaangalia mlango. Sikuwaona watazamaji, taa zilikuwa machoni, lakini najua mimi mwenyewe niliyekuwa kando yake nilianza kuwaza juu ya huyo mbuzi, na ghafla ule ufalme wa karatasi na mabati ukawa na kijiji nje yake.

Nilikuja kusoma baadaye juu ya Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* kwa watu wa kijiji: wakulima, vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwandani. Hawa ndio watu ambao katika tamthilia za mjini wangekuwa Kibarua wa Kwanza na Kibarua wa Pili. Wakausoma mswada, kisha wakaanza kumsahihisha mtunzi. Hivi sivyo tunavyozungumza. Hivi sivyo kazi ya kiwandani inavyokuwa. Wakaongeza, wakapunguza. Serikali iliupiga marufuku mchezo mwezi Novemba mwaka huo, na kufikia mwisho wa Disemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekamatwa. Watu husema serikali iliogopa ujumbe. Nami nakubali, ila nadhani iliogopa pia utaratibu wenyewe, wahusika wadogo wakiwa wamejifunza kwamba mswada unaweza kusahihishwa.

Najua pingamizi, hata usinyanyue mkono. Hadithi ina nafasi ndogo. Ukimpa kila konda, kila muuza karanga, kila mlinzi historia yake ya utotoni, hutafika popote. Umepanda matatu inayosimama kila mlango. Chekhov alishauri kwamba kama bunduki imeangikwa ukutani, lazima ije ilipuke, la sivyo iondoe. Ni ushauri ambao umeokoa hadithi nyingi, pamoja na zangu kadhaa ambazo hazijachapishwa kokote. Na kuna pingamizi jingine lenye nguvu zaidi: maishani pia hatuwezi kumjua kila mtu. Nikiingia benki, siwezi kumbeba yule wa dirishani moyoni na mama yake na mikopo yake. Udogo wa wengine machoni pangu ni namna ya kuweza kuishi. Nikiwaona wote kwa ukubwa wao kamili nitashindwa kuvuka barabara.

Yote kweli. Lakini bunduki ni bunduki. Ushauri wa Chekhov ulikuwa juu ya kitu kilichoangikwa ukutani, na sisi tumeuchukua tukautumia kwa watu: mtu asiyelipuka, muondoe. Ninachoamini, na ninajaribu kukifuata ninapoandika vya kwangu usiku baada ya vya mteja, ni kidogo sana. Mhusika mdogo abaki mdogo. Apewe mistari mitatu. Lakini katika mistari hiyo kuwe na kitu kimoja kisichomsaidia mtu mwingine yeyote hadithini. Kitu chake. Mbuzi. Kisielezwe, kisirudi mwishoni kikawa ufunguo wa fumbo, maana kikirudi kitakuwa kimeajiriwa nacho. Na ninaposoma, kabla sijaandika umuhimu, nauliza lile swali ambalo halina alama: yeye mwenyewe alitaka nini? Matuko Weye, kwa mfano, kabla ya kufichua maovu ya uongozi. Alitaka nini asubuhi ile alipoamka? Mteja wangu hajawahi kulalamika kuhusu sentensi hizo za ziada. Huzifuta.

Kuna mtunzi mmoja aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wote ninaowajua, na ni yule yule ambaye kila mtu huogopa kumtaja kwa kuwa ametajwa sana. Shakespeare ana mchezo uitwao *Measure for Measure*, ulioigizwa mbele ya mfalme wa Uingereza Disemba 1604. Ploti yake inafika mahali ambapo inahitaji kichwa cha mtu. Kichwa hasa, kilichokatwa. Kijana aitwaye Claudio amehukumiwa kifo, mtawala dhalimu anataka kuletewa kichwa chake, na wale wema wa hadithi wanataka kumwokoa. Suluhisho: gerezani yumo mfungwa mwingine, Barnardine, muuaji, amekaa ndani miaka tisa, amelewa muda mwingi, naye pia amehukumiwa kufa. Akatwe yeye asubuhi, kichwa kipelekwe, mtawala hatajua tofauti. Eleza umuhimu wa Barnardine: kutoa kichwa. Hajawahi kuwepo mhusika mdogo mwenye umuhimu ulio wazi kuliko huo.

Wanamwita. Anatoka kwenye majani alikolala, ana usingizi, na anakataa. Habishani juu ya haki wala hatia. Amekunywa usiku kucha, hayuko tayari, na leo hafi kwa ajili ya mtu yeyote. Mtawala halali wa mji, aliyejigeuza mtawa, anamsihi kwa maneno ya dini. Barnardine anamwambia kama ana la kumwambia aje kwenye selo yake, kisha anarudi kulala.

Na mchezo unamwacha! Hapo ndipo huwa nacheka peke yangu. Shakespeare angeweza kumburuta. Ni kiumbe chake, kalamu ni yake. Badala yake ploti yote inasimama, watu wakubwa wanaangaliana, halafu mkuu wa gereza anakumbuka kwamba asubuhi hiyo hiyo haramia fulani aitwaye Ragozine amekufa kwa homa, naye anafanana na Claudio hata rangi ya ndevu. Wanachukua kichwa cha Ragozine. Ni bahati ya kitoto kabisa. Mwanafunzi akikuletea hadithi yenye bahati kama hiyo unamrudishia. Mtunzi alikubali kuharibu ploti yake mwenyewe kuliko kumwamsha mlevi aliyesema hapana.

Ragozine maskini hatumwoni. Amekuja hadithini akiwa tayari ni kichwa, na hakuna aliyemuuliza.

Barnardine analetwa tena katika onyesho la mwisho, wakubwa wakiwa wanasameheana na kuoana. Mtawala anamsamehe naye, anamkabidhi kwa mtawa mmoja ili apewe mawaidha. Shakespeare hakumwandikia neno la kujibu, hata la shukrani. Anasimama tu pale, kisha anatoka na yule mtawa, na nina hakika kabisa kwamba alikuwa bado ana usingizi.